Robin haikuwa mbegu feki

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kuwa sisi wakulima wa ngano wa Mau Narok tunauziwa mbegu feki, kisha tunasingizia kutu, ule ugonjwa wa kuvu unaoshambulia mashina ya ngano. Ubishi huo naujua, umeshalala nyumbani kwangu.

Mwaka 2015 nilipanda mbegu ya ngano iitwayo Robin kwenye ekari sita za kukodi. Jumapili moja nilipitia shambani nikitoka kanisani, nimevaa sketi nyeupe. Nilipofika upande wa pili ilikuwa na rangi ya matofali hadi magotini, na mashina yamepasuka ngozi. Tulivuna punje zilizosinyaa kama bizari nyembamba; mnunuzi alitia mkono guniani mara moja tu, akaenda zake. Mume wangu alimfuata aliyetuuzia mbegu, wakakosana hadi leo.

Mbegu ilikuwa halali. Mpwa wangu anayesomea kilimo ndiye aliyenifumbua macho. Kuvu wa kutu haishii kwenye ngozi ya shina. Hupenya akachomeka vinyonyo kwenye seli zilizo hai, na kupitia humo humwaga protini zinazoinyamazisha kinga ya ngano, mmea ukawa unamlisha kama mwanawe wa kumzaa. Mbegu sugu ina jeni inayomtambua kwa mojawapo ya protini hizo. Ikimtambua, seli iliyovamiwa hujiua, naye kwa kuwa hali kilichokufa, hufa njaa papo hapo. Lakini akiibadilisha ile protini au akiiacha, jeni hubaki imekodoa macho, haioni kitu. Ndivyo Ug99, aina ya kutu iliyoonekana Uganda 1998, ilivyoishinda Sr31, jeni iliyotegemewa nchi nyingi. Robin nayo iliegemea jeni nyingine, SrTmp, na kutu ya kuishinda ilionekana hapa Kenya 2014.

Mwaka mmoja kabla sijapanda! Waliojua walikuwepo; sisi hatukuambiwa, na dukani Robin iliendelea kusifiwa vilevile.

Ukurasa wenu wa kilimo hutupa bei ya gunia. Kabla ya msimu wa kupanda, tupeni pia majina ya mbegu ambazo kutu imeshazizoea. Na jirani zangu mnaoacha maotea, yaani ngano iliyojiotea yenyewe, kando ya ua, kutu haiishi bila mmea ulio hai, nyie ndio mnaoivusha hadi msimu ujao. Nilimwambia mmoja wao, akanijibu kwamba mbuzi wake wanayala na hawajaugua.

Mkulima wa ngano,
Mau Narok