Barua kwa Mwanangu: Ukishaupata Mgongo

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, nimeitazama mara tatu video ya pambano lako la jiu-jitsu la Jumamosi. Ulimpanda mpinzani mgongoni, ukakita visigino ndani ya mapaja yake, ukapewa pointi zako 4, kisha ukaing'ang'ania shingo peke yake mpaka mikono ikakuishia nguvu. Kosa hilo nalifahamu vizuri, maana nami nililirudia kwa miaka.

Kabali ya nyuma, ambayo sisi mtaani tuliiita roba na Wabrazili huiita mata leão, yaani muua simba, ndiyo iliyompa Mbrazili Royce Gracie ushindi wa fainali ya mashindano ya kwanza ya mapigano ya UFC kule Denver, Marekani, mwaka 1993. Siku hizi, hata mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza tu, anajua kuficha kidevu na kuudaka mkono unaomkaba. Kwa hiyo shughulika kwanza na mikono yake. Mkono wako mmoja ukiwa umepita juu ya bega lake na mwingine chini ya kwapa, huu wa chini ukamate kifundo cha mkono wake wa upande huo, uusukume kuelekea kiunoni, kisha uupitishe mguu wako juu yake na kuubana. Hapo anabaki na mkono mmoja wa kujilinda dhidi ya miwili yako.

Asipokubali mkono huo ushushwe, akaushikilia mkono wako wa juu kwa mikono yote miwili, kiwiko chake kitaachana na ubavu. Kifunge kiwiko hicho, chepusha nyonga zako, uanze kuupitisha mguu usoni pake ili uunyooshe mkono wake. Ataogopa kuvunjwa, atafumbata viganja vyake pamoja kifuani, na shingo uliyoisumbukia dakika nzima itakuwa wazi. Na akiteleza chini ili mabega yaguse mkeka, usimvute kumrudisha: kama mmevaa kimono, lile vazi letu la mchezo, shika ukosi wake kwa mkono mmoja na suruali yake gotini kwa mwingine, umnyooshe kama upinde mpaka ukosi umkabe.

Jumanne umwombe mwenzako akupe mgongo kwa raundi tatu, wala usimalizie kabali hata moja. Hesabu tu ni mara ngapi umemlazimisha kuhamisha mikono. Akigonga mkeka kuonyesha amesalimu amri, mwachie papo hapo, kwa kuwa kabali inayobana mishipa ya pande mbili za shingo humzimisha mtu kwa sekunde chache.

Mama yako anauliza kama sikio limepungua uvimbe.

Ni mimi baba yako.