Kura za maoni mtandaoni: tuambiwe nani ameulizwa

Mhariri,

Naandika kuhusu kura za maoni za mtandaoni ambazo magazeti yetu hapa Kenya huchapisha uchaguzi unapokaribia. Tunaambiwa maelfu wamejibu, lakini hatuambiwi walipatikanaje. Wingi peke yake hupotosha. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni kwa posta kwa watu milioni 10 hivi, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kuwa mgombea urais Landon angeshinda. Mpinzani wake, Roosevelt, akanyakua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi walioandikiwa hawakujibu.

Hata hivyo, anayetuma barua anajua kamwandikia nani na nani kanyamaza. Kiungo kinachosambazwa WhatsApp hakina orodha. Kimoja kilinifikia kupitia vikundi vitatu, na hakuna kilichonizuia kujibu mara tatu. Mama anayeniuzia sukuma wiki, mwenye simu ya kabambe, ile ndogo isiyo na WhatsApp, hakukiona kabisa, na kura yake ina uzito sawa na yangu!

Naomba gazeti lako lisichapishe asilimia yoyote bila kueleza wahojiwa walichaguliwaje na wangapi hawakujibu. Watafiti nao waanze na sampuli ya kubahatisha, yaani watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Wenye intaneti wajibu huko, na waliosalia wafuatwe nyumbani badala ya kuandikiwa, maana barua zetu huishia kwenye sanduku la posta mjini.

Msomaji,
Nakuru