Wifi anasema mimi ndiye niliyemchomesha kaka yake

Shikamoo anti. Ni saa tisa usiku, baridi ya Uyole unaijua, na baba watoto ndiyo kwanza amepitiwa. Vile vidonge vinamnyima usingizi, na mimi nakesha naye.

Sikumchomesha mimi. Daktari kule Dar alisema uvimbe wa kansa ukishatolewa kichwani lazima ufuatiwe na mionzi, na fomu alisaini mwenyewe akiwa na akili zake timamu. Mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6 nikilala kwa watu Mbagala. Wifi hakuja hata siku moja.

Akapona, akarudi shambani. Baada ya mwaka na kitu, mkono wa kushoto ukaanza kuangusha vikombe, na mtoto wetu akawa anamwita kwa jina la marehemu mdogo wake. Tukajua kansa imerudi. MRI, kile kipimo cha picha ya ubongo, ikarudiwa, madaktari wakabishana maana kwenye picha kansa na madhara ya mionzi vinafanana, mwisho wakasema si kansa: ni sehemu ya ubongo iliyokufa kwa ile mionzi, na pembeni pamevimba. Anti, nilifurahi! Nikampigia wifi nacheka, "Si kansa, ni mionzi." Ndilo neno alilolishikia bango hadi leo: "Umekiri mwenyewe."

Wakampa deksamethasoni, ndivyo vile vidonge, ya kushusha uvimbe kwenye ubongo. Mkono ukarudi, lakini uso ukaumuka kama andazi, sukari ikapanda, mapaja yakaisha nguvu. Wifi kumwona hivyo, akamchukua Tukuyu kwenye maombi na vidonge akavificha. Siku ya nne akaanguka bafuni. Daktari alifoka: dawa ile haikatwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo, mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe inayofanana nayo. Mimi simlaumu wifi. Ila angeniomba radhi, hata kwa meseji.

Sasa kuna dawa ya dripu, bevasizumabu, inatuliza mishipa inayovujisha maji kwenye ubongo. Kila wiki 3, mara 4 kwa kuanzia. Bima imekataa. Kilichobaki ni shamba la parachichi Rungwe, nalo ni la ukoo, haliuziki bila wifi kusaini.

Nikampigie magoti mtu aliyeniita muuaji mbele ya wanangu? Na tukiuza asipone, nitaambiwa nimemchomesha na shamba nimelila. Daktari anasema kwa wengine hali hutulia yenyewe. Basi nisubiri? Lakini jana kijiko kimemdondoka tena.

Tafadhali usiweke jina, wifi anasoma humu. Au liweke tu, asome.