Barua ya wazi kwa vijana wetu wa yoga: libandueni lile jedwali

Wanangu,

Salamu kwenu nyote. Nimeliona jedwali mlilobandika ukutani mnapofanyia mazoezi: satva, rajasi, tamasi, zile sifa tatu za maumbile, na chini yake majina ya wenzenu. Yule mlinzi mmemtia kwenye tamasi kwa kuwa hukoroma mnapolala chali mwisho wa mazoezi. Mtu ametoka lindoni alfajiri akaja moja kwa moja kwenu, mlitaka afanyeje?

Libandueni leo hii. Mmeigeuza elimu ya kujitazama ikawa ya kuwapanga watu madaraja.

Sankhya, falsafa iliyoibeba yoga, inafundisha kwamba maumbile yote, prakriti, yameumbika kwa sifa hizi tatu, ziitwazo guna. Satva ni wepesi na mwanga, rajasi ni msukumo, tamasi ni uzito unaozuia na kufunika. Hakuna kitu chenye moja peke yake. Ishvarakrishna, katika Sankhya Karika, kitabu chake cha beti za falsafa hiyo, anazifananisha na taa, na wafafanuzi wake wakaeleza: utambi, mafuta na moto havipatani kwa tabia, lakini mwanga hautoki mpaka vishirikiane. Bila tamasi hata usingizi usingeupata.

Kisha someni Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 14. Inasema mara satva huzishinda mbili nyingine, mara rajasi, mara tamasi. Hayo hutokea ndani ya mtu mmoja, pengine kabla ya chai ya asubuhi. Unaamka, hujanawa uso, simu iko mkononi, unapitisha video moja baada ya nyingine. Kidole kina rajasi tele, akili imezama kwenye tamasi. Sasa wewe jina lako tuliandike wapi?

Tena kwa nje guna hudanganya. Katika Gita hiyo, shujaa Arjuna alipoketi kwenye gari lake la vita pale Kurukshetra, uwanja wa vita, akakataa kupigana, alizungumza kama mtu mwenye huruma na hekima. Krishna, mungu aliyekuwa akimwendeshea gari, hakumkubalia. Mimi hapo naona uzito uliojivika joho la utulivu, na nadhani wengi wetu tunalo joho hilo kabatini.

Najua mnabishana sana juu ya vyakula vya sura ya 17. Kweli inataja vikali, vichungu, vya chumvi nyingi, na vilivyolala vikapoteza ladha. Vitunguu mnavyogombania haijavitaja kwa jina. Ila mbele kidogo kuna habari ya kutoa, na hapo ndipo ningependa mkae. Anayetoa kwa kuwa inapasa, kwa asiyeweza kumlipa, ametoa kwa satva. Anayetoa akingoja fadhila, au kwa kinyongo, ni rajasi. Anayetoa kwa dharau, ni tamasi. Noti ni ile ile, mkono ni ule ule. Kinyongo cha mwenzako utakionaje, mwanangu? Cha kwako unakijua vizuri sana.

Na ninyi mliojiandika kwenye satva, hebu rudini tena sura ya 14. Satva nayo hufunga. Humfunga mtu kwa kumfanya aipende raha yake na ujuzi wake. Tena anayesifiwa mwishoni mwa sura ile ni aliyezivuka zote tatu: zikija yeye hazichukii, zikiondoka hazitamani. Hajisifu kwa lolote.

Mmoja wenu aliniuliza afanye nini ili satva iongezeke. Lala mapema, kula kilichopikwa leo, na usimtangazie mtu. Usiku, kabla hujalala, jiulize ni saa ngapi ulivurugika na ni nini kilitangulia. Jibu liandike kwenye daftari lako mwenyewe, lisisomwe na mwingine.

Jumamosi jioni nipo nyumbani. Njooni tuisome hiyo sura ya 14 polepole. Ina beti 27 tu, ingawa zile za mwisho ni ngumu kweli, hata kwangu.

Mzee wenu