Yah: Maungio ya hesi yanayovuja katika seti ya umwagiliaji niliyouziwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mheshimiwa,

Mwezi Juni, kiangazi kilipoanza, nilinunua dukani kwenu seti ya umwagiliaji wa bustani ya nyumbani, yenye chujio moja na valvu mbili za plastiki za inchi moja, nikaifunga kwangu Mukono chini ya tangi lililoinuliwa mita nne. Tangu siku ile maungio ya vifaa hivyo vitatu yanavuja, na jibu lenu la kwanza, lililosema kwamba tatizo ni tepu ya kuzibia maungio aliyoizungusha fundi, ndilo lililonilazimu kuandika barua hii.

Nakiri kwamba chujio nililifunga mwenyewe hapo awali na nikazungusha tepu kinyume, ikawa inajikunja na kutoka kila nilipokaza. Kosa hilo ni langu, wala siwadai kitu kwa ajili yake. Baadaye nilimwita fundi bomba, naye akasafisha hesi zote, yaani meno ya mzunguko ya kukazia, kwa brashi, akazungusha tepu mpya mara tano kwa kufuata mwendo wa saa, akakaza kwa mkono na kumalizia kwa spana. Kwa tepu hiyo hiyo alifunga maungio mengine kumi na mawili, na yote ni makavu hadi leo, ingawa yanapokea maji ya tangi lile lile.

Kiini cha tatizo alikiona yeye. Valvu yenu iliingia kwenye soketi, yaani kiungio cha bomba chenye hesi kwa ndani, mizunguko mitatu, ikakwama. Akachukua nipeli ya chuma, yaani kipande kifupi cha bomba chenye hesi kwa nje zinazolingana na soketi zangu, akalaza hesi zake juu ya hesi za valvu, akaziinua kwenye mwanga: meno yalipandana mwanzoni, kisha yakaachana na mwanga ukapita. Hesi za Kiingereza za inchi moja, ambazo soketi zangu zote zinazo, zina meno 11 kwa kila inchi na pembe ya digrii 55. Za Kimarekani, kama za valvu yenu, zina meno 11 na nusu na pembe ya digrii 60. Katika nusu inchi na robo tatu idadi ya meno ni 14 kwa zote mbili, kwa hiyo mtu anaweza kudanganyika kwamba zinaingiliana, lakini katika inchi moja hazipatani kabisa. Tulijaribu kuziba kwa katani na pesti, tukaongeza nguvu ya spana, na soketi moja ikapasuka ubavuni. Boksi lenu limeandikwa "inchi moja" tu.

Naomba mnibadilishie chujio na valvu zote mbili kwa vifaa vyenye hesi za Kiingereza, na mnilipe bei ya soketi iliyopasuka pamoja na ujira wa siku ya pili ya fundi. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamlinda mnunuzi wa bidhaa isiyofaa kwa kazi iliyonunuliwa, nami nitaitumia nisipojibiwa ndani ya siku kumi na nne. Kwa sasa nimeweka beseni chini ya kila ungio, na mboga zangu za nakati nazimwagilia kwa kopo.

Valvu moja na ile nipeli nimezifunga pamoja na barua hii, ili mzilinganishe wenyewe.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Mukono