Shukrani za familia kwa wote mliomsindikiza Baba yetu, Mwalimu wa piano

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni binti yake mkubwa, naandika kwa niaba ya mama, wadogo zangu na ukoo mzima wa Machame na wa hapa Dar. Baba tumeshampumzisha, wageni wameondoka, maturubai yamerudi kwa wenyewe, sasa ndo nimepata nguvu ya kushika simu. Tulitamani kumpigia kila mmoja wenu ila haiwezekani, tupokeeni kwa njia hii.

Mnaojua habari kijuu juu mnajua baba alipata kiharusi, basi. Ngoja niwaambie. Alfajiri ile alikuwa anavaa shati aende ibadani, kifungo kikamshinda, akajaribu tena, akamwita mama akamwambia "mkono hauji". Upande wote wa kulia ulipooza. Tukakimbizana hospitali, ICU, bili inapanda kila kukicha, gari la mdogo wangu likauzwa, na hapo ndo tulipopitisha ule mchango kwenye magrupu ambao nyie mliuitikia mpaka tukalia. Mungu awarudishie mara mia. Lakini kwa kweli ICU haikuwa ndo pagumu kabisa, pagumu palikuwa aliporudi nyumbani. Alituambia tufunge mfuniko wa piano na tuifunike kitenge, na kile chumba akawa hakiingii. Mtu aliyeanza na kinanda cha kusukuma kwa miguu kanisani Machame, kijiji ambacho wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893, akaja akapelekwa hukohuko Leipzig kwenye chuo cha muziki alichokianzisha mtunzi wa muziki Mendelssohn mwaka 1843, akapiga matamasha Ujerumani halafu akarudi kufundisha watoto wetu hapa, leo anapita kwenye korido uso ameugeuzia ukutani. Mama alikuwa anaomba usiku na mchana, sio apone, aingie tu mle chumbani.

Mungu akatuma mtu. Kijana mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, yeye anajijua, alikuja jioni na karatasi za noti za muziki amezitolea kopi stesheneri. Ilikuwa Chaconne, kipande cha mtunzi wa Kijerumani Bach, ile ya violini, ambayo mtunzi mwingine, Brahms, aliiandika upya mwaka 1877 ipigwe kwenye piano kwa mkono wa kushoto peke yake, akamtumia mpiga piano Clara Schumann. Baba aliziangalia weee, halafu akacheka, kicheko cha kwanza tangu augue, maana hadithi ile alitusimulia yeye mwenyewe tangu tuko wadogo, kwamba noti zilimkuta Clara ameteguka mkono wa kulia kwa kufungua droo! Clara huyo ndo baba alikuwa anamwita mwalimu wake, ingawa aliishi zamani sana. Mzaliwa wa Leipzig, alipanda jukwaani ana miaka 9, akafiwa na mume mwaka 1856 akabaki na watoto, akawalea kwa kupiga piano nchi za watu. Baba alikuwa na noti ya mark 100, pesa ya Ujerumani ya kabla ya euro, yenye picha ya Clara na piano nyuma, anaiweka kwenye Biblia, tulikuwa tunamtania tuibadilishe tununue nyama, anasema hatumuuzi mwalimu wake.

Kuanzia jioni ile kitenge kilitoka. Kijana alikuja kila siku baada ya kazi, hakuchukua hata nauli, anamgeuzia kurasa na kumkanyagia pedali mguu wa baba ukichoka. Mwanangu, sisi hatuna cha kukulipa. Na fundi wetu wa vinanda, mzee wa watu, joto na unyevu wa Dar vilikuwa vimeshakula nyuzi na funguo zimevimba hazirudi, alikaa sakafuni siku nzima anazitengeneza moja moja, tulipouliza bei akasema "mtanipa Mwalimu akipiga". Baba alimpigia, ndo yakawa malipo. Dada wa mazoezi ya viungo na wewe Mungu akuone, ulimnyoosha vidole vile kama vya mtoto wako.

Mungu akatupa muda kidogo naye, kiharusi cha pili hakikusubiri. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Tunawashukuru sana madaktari na manesi, wachungaji na wazee wa kanisa wa Dar na Machame, kwaya zote, wanafunzi wa baba wa zamani na wazazi wao, majirani zetu mliopika usiku na kulala na mama, kamati ya mazishi na mweka hazina wetu aliyeandika mpaka mia tano, dereva wa Coaster aliyetufikisha Moshi salama na akatuvumilia pale Korogwe, wajomba mliochimba kaburi kwenye mvua, waliokuja, waliotuma rambirambi, walioomba wakiwa mbali. Na mchungaji asante kwa kuruhusu Chaconne ibadani, ni kama robo saa nzima na ratiba ilishabana, kijana akaipiga mkono wa kulia ameuweka pajani, wengine mkadhani anaumwa.

Jamani kuna niliowasahau, najua, naombeni mnisamehe sana, kichwa hakijakaa sawa bado. Usipojiona hapa usiseme familia haikukuthamini, hasa upande wa shangazi na wale wa Arusha, nisameheni. Na kama kuna aliyekwazwa msibani, chakula hakikumfika au hakupata pa kukaa, pia atusamehe.

La mwisho, anayemdai baba aje kwa mama tuongee. Na wenye vitabu vyake vya noti, tunajua viko vingi mikononi mwenu, msirudishe, alisema mwenyewe vibaki kwa wanaovipiga. Ila kile cha Bach chenye jalada la bluu mama anakiomba, tafadhali.