Marashi yasianikwe juani

Mhariri,

Wauza marashi na losheni hapa Mombasa wana msemo wao: "Hii haina kemikali, ni maua tu." Kwani ua halina kemikali? Linaloli, kemikali ya harufu nzuri inayotiwa kwenye sabuni na losheni, imo pia ndani ya asumini na mrehani. Ikiwa mpya haiwadhuru wengi. Balaa ni hewa: linaloli ikikaa wazi huoksidika, yaani huungana na oksijeni ya hewa na kubadilika, na joto la jua huharakisha hayo; hapo baadhi ya watu huwashwa na kutoka vipele.

Sasa tazama chupa zilivyopangwa juani, marashi yakivutwa kwa sindano na kutiwa vichupa visivyo na lebo! Ulaya, losheni ikizidi asilimia 0.001 ya linaloli lazima iitaje kwenye lebo. Wetu waandike japo tarehe ya kufungua chupa.

Mnunuzi,
Majengo, Mombasa